Taa ya Tatu, Juu ya Sinki

Taa ya tatu, ile ya juu ya sinki,
ilianza kukonyeza Jumatatu.
Nikamwambia Gethin: taa inanikonyeza.
Akasema, nami nakukonyeza miaka arobaini,
mbona hujawahi kunipandia ngazi?

Ziko sita, zimezama darini kama vifungo vya koti,
mbili mbili kutoka mlangoni hadi dirishani.
Dirisha linatazama ukuta wa Mererid,
ukuta unatazama mvua ya Llanelli,
na mvua haina la kutazama ila sisi.

Kwanza unashuku balbu. Kila mtu hushuku balbu.
Nikaichomoa, nikaihamishia tundu la jirani:
huko ikawaka kama haijawahi kuugua.
Ya jirani nikaileta juu ya sinki.
Ikakonyeza mara mbili, ikazimika.
"Basi," alisema Gethin kutoka kitini,
"mgonjwa ni nyumba, si mpangaji."

Zamani angekuwa yeye juu, mimi chini.
Umeme wote wa nyumba hii umepita vidoleni mwake.
Sasa mkono wa kulia unacheza ngoma yake wenyewe.
Vijiko vinajua. Vishikizo vya shati vinajua.
Kikombe nakijaza nusu, na hatulisemi.

Zima swichi kuu.
Nimezima.
Pima.
Nimepima.
Pima tena, mke ninaye mmoja.

Friji ikanyamaza. Saa ya jiko ikafa.

Kidole huku, kidole kule, vuta taratibu:
springi mbili zikafyatuka, moja ikaning'ata gumba,
nikatukana kwa Kiwelshi, Kiingereza hakitoshi.
Taa ikashuka, ikaning'inia kwa waya wake,
na nyuma yake, kumbe:
kiungo cha plastiki kimeyeyuka rangi ya karameli,
waya mweusi inchi nzima,
na pamba ya dari, iliyojisogeza kuota moto,
imebabuka ukingoni kama mkate uliosahauliwa.
Gethin aliinusa. Akaiweka mezani polepole.
Hakuna aliyeuliza zilibaki siku ngapi.

"Pima tundu kabla hujanunua nyingine."
Nikachukua rula. Tundu halikuwa duara.
Lilikuwa yai. Yai la bata, lenye menomeno pembeni.

"Gethin, hili ulilikata kwa nini?"
"Msumeno wa duara. Wa kukodi."

Mwaka ule, nakumbuka vizuri,
kisu changu cha mkate kiliingia ubutu ghafla.
Nilimlaumu dada yangu Olwen, aliyekitumia Krismasi;
nilimlaumu hadi siku ya kumzika, kimoyomoyo,
kati ya wimbo wa pili na wa tatu.
Na sasa natia kidole kwenye jasi
nasoma meno ya kisu changu, jino baada ya jino.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi
hawajaolewa na fundi.
Yake ilikwenda miaka kumi na tisa,
juu ya utosi wangu, nikiosha vyombo.

"Kilikuwa kisu kizuri," akasema.

Nikanunua taa yenye ukingo mpana, wa kusitiri yai.
Kahawia kwa kahawia, buluu kwa buluu,
kaza, vuta kila waya uone kama unakubali kung'oka,
pamba isukume mbali, ijifunze baridi.
Gethin alishika tochi kwa mikono miwili.
Mwanga ulirukaruka dari nzima, kabatini, usoni mwangu,
ukipita juu ya skrubu ukinipa nusu sekunde.
Nikawa naungoja.
Unakuja, nazungusha bisibisi; unakwenda, natulia.
Ningeweza kuishika tochi kwa meno.
Sikuishika.

Tulipowasha, tano zilikuwa njano kama siagi
na moja nyeupe pe.
"Umenunua rangi ya hospitali," alisema.
Niliona vumbi la juu ya friji, niliona sinki lina ufa.
Nyingine zitangoja Jumamosi.

Nikakata mkate pale pale, chini ya ule weupe,
nikampa kipande cha mwisho, chenye ukoko.
Anakipenda. Hakidondoki.